Hatua Tatu za Udongo Mbaya

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili Julai mwaka wa 1955, saa mbili asubuhi, pale hedimani Mwongera alipopanda juu ya debe la mafuta ya taa na kufungua karatasi. Kabla ya hapo Kithaka alikuwa na taabu kama watu wote wa kijiji kile cha Emajensi, ambamo serikali ilikuwa imewafungia, juu kidogo ya Kibugu. Baada ya hapo alikuwa na taabu yake peke yake.

"Sikilizeni," Mwongera alisema. "Bwana Shauri wa wilaya amechoka na nyinyi. Handaki la upande wa msitu linaisha Jumamosi. Kila nyumba, hatua kumi. Kina ni watu wawili, mmoja juu ya mabega ya mwingine. Nyumba itakayomaliza mapema itapewa pasi, mtu mmoja, siku moja, aende shambani kwake akalete chakula. Nyumba itakayokuwa haijamaliza Jumamosi haitoki langoni wiki mbili."

"Na maharagwe, mzee?" Kithaka aliuliza. "Yamekauka tayari. Wiki mbili na manyunyu haya, yataota yakiwa ndani ya maganda."

"Waulize rafiki zako wa msituni. Si mimi niliyewapeleka huko."

Hom-gadi wakacheka. Ilikuwa kazi ya askari hao wa kijiji kucheka hedimani akisema. Huyu Mwongera hata hakuwa mtu wa Embu, alikuwa ameletwa kutoka Kibirichia, kwa watu wa viazi, kwa sababu wakubwa walijua kwamba mgeni hupiga bila kuangalia uso. Jembe hakuwahi kulishika pale. Alishika ufito, akatembea pembeni mwa msitu akihesabu hatua, na kila alipofika kumi hom-gadi mmoja akapigilia kigingi.

Hatua saba za kwanza za Kithaka ziliangukia udongo mwekundu, udongo mzuri unaosimama wima kama ukuta. Tatu za mwisho ziliangukia mahali ambapo zamani mama mmoja alikuwa na nduma zake. Udongo wa hapo ulikuwa mweusi na wa majimaji. Ukitoa karai moja, makarai mawili yanarudi ndani. Kithaka aliusukuma kwa kidole cha mguu, ukameza kidole.

Halafu akaangalia ng'ambo ya kigingi aone jirani yake ni nani. Alikuwa Salesio.

"Bwana asifiwe, baba Kawira," Salesio alisema, akatabasamu na pengo lake.

Salesio alikuwa fundi wa mbao. Meno mawili ya mbele yalitolewa na watu wa msituni, wale waliopigana na serikali, alipokataa kiapo, na mbavu moja ilivunjwa na hom-gadi alipokataa kubeba mkuki wao. Mke na watoto walikuwa wamekwama kwa wakwe zake kule Gachoka, na pasi ya kuwafuata alinyimwa mara nne. Padri ndiye aliyembatiza, Waanglikana wakamwokoa, na Kithaka angependa sana kumzika.

"Asifiwe," Kithaka alijibu bila kumwangalia.

Wambeti, mke wake, alikuwa ameshafika na jembe. Alimpa Salesio mkono, ule mkono wao waliookoka, wa kushika na kuchelewa kuachia. "Ndugu Salesio! Kumbe tutakuwa majirani wiki nzima!"

"Mungu ni mwema, dada."

Nyuma yao Felicitas, jirani ambaye mdomo wake haukupewa likizo hata na Emajensi, alitua karai lake chini. "Baba Kawira, leo umefanyiwa mema. Mkeo hana tena haja ya kwenda kwenye ushirika. Ushirika umekuja na jembe lake."

Wanawake wakacheka. Wambeti naye akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kithaka hakucheka.

Jioni filimbi ilipolia kila mtu akaingia ndani. Nyumba za kijiji zilipangwa kwa mstari, zimekaribiana hata mtu akipiga chafya ndani ya yake, jirani anasema pole. Kithaka alikaa kwenye gogo, Wambeti akakoroga mboga za terere kwenye chungu, na binti yao Kawira, wa miaka minane, akasinzia na kidole mdomoni. Chumvi ilikuwa imeisha tangu Alhamisi iliyopita.

"Leo nimemwombea Mwongera," Wambeti alisema.

"Umemwombea afe?"

"Nimemwombea apate usingizi. Macho yake ni mekundu, hujaona? Yule mtu halali."

"Mimi ndiye silali! Mimi uliniombea lini?"

"Wewe kila siku, baba Kawira."

Kithaka akatema mate motoni. Hilo nalo lilimuudhi. Miaka mitatu tangu mke wake aokoke, hakuwahi kumkuta na kosa ambalo angelishika kwa mkono. Alipika, alilima, alimheshimu. Lakini kulikuwa na kitu. Nyumba yao ya zamani ilipochomwa na askari, Kithaka alilia kama mtoto, na Wambeti alisimama pale na blanketi moja begani, uso umetulia, kama mtu aliyeambiwa siri nzuri. Nani alimwambia? Akiwa kisimani alicheka peke yake. Akichimba midomo ilikuwa inachezacheza. Mwanamume unaweza kumngoja njiani ukampiga, lakini huyu aliyekuwa akimchekesha mke wake ungemngoja wapi? Kwa hiyo hasira yote Kithaka alimwekea Salesio, kwa sababu Salesio alikuwa na mwili.

"Kule kwa ushirika," alisema, "mnapoweka mambo nuruni. Wewe unasema nini?"

"Dhambi zangu."

"Na za kwangu?"

"Za kwako utazisema mwenyewe siku ukija."

"Lakini unasema mambo ya nyumba hii. Salesio ananiangalia kama mtu anayejua nimelala upande gani."

Wambeti akaacha kukoroga. "Wiki iliyopita nilisema kwamba nilikuwa na uchungu na wewe kwa sababu uliuza mbuzi wa Kawira bila kuniambia. Nikaomba wanisaidie kuuacha."

"Umeona? Mbuzi wangu anajadiliwa na Salesio!"

"Mbuzi wa Kawira," Wambeti alisema polepole, na akacheka. Kikohozi kikamrudia. Kilipomwachia alifuta macho. "Njoo Jumapili moja tu, baba Kawira. Ukae nyuma. Hakuna atakayekugusa."

"Mimi nikitazama handaki naona handaki. Wewe unaona nini pale cha kukufanya uchekecheke?"

Alifikiri. Hakuwa mwanamke wa kujibu haraka maswali ya namna hiyo.

"Naona handaki," alisema. "Linanuka, na litajaa miiba ya mianzi ya kuwachoma watu wa msituni. Lakini naona pia lina mwisho. Mwongera ana mwisho, hii Emajensi ina mwisho, hata kifua changu kina mwisho. Mungu hana. Basi kila asubuhi najiuliza, nishike upande wa mambo yanayoisha, ama ule mwingine? Ni hivyo tu. Kula, terere linapoa."

Kithaka alikula. Maneno yalikuwa mazuri, na ndiyo sababu yalimchoma. Alijua hayakuota katika nyumba yake.

Jumatano alfajiri ukungu ulishuka kutoka msituni mpaka ukawa huoni jembe mkononi mwako. Kithaka alitoka filimbi ya kwanza ilipolia, kabla ya wengine, akasema anakwenda kunoa sururu. Alifika kwenye handaki. Alikishika kigingi baina yake na Salesio, akakitikisa kama jino la mtoto, kikatoka. Akarudi nyuma hatua tatu na kukipigilia kwa kisigino cha sururu pale udongo mwekundu ulipokutana na mweusi. Shimo la zamani alilifukia na kulikanyaga. Kazi yote haikufika muda wa kumaliza msokoto wa tumbaku.

Sasa alikuwa na hatua saba nzuri. Salesio alikuwa na kumi na tatu, na tatu kati yake zilikuwa supu.

Alijiambia ni kwa ajili ya maharagwe. Alijiambia ni kwa ajili ya kifua cha Wambeti, maana mwanamke anayekohoa vile atawezaje udongo wa maji? Hizo zilikuwa sababu za kweli. Lakini nyuma ya hizo kulikuwa na nyingine, nayo ilikuwa tamu kuliko hizo mbili. Acha tuone kama leo atatabasamu.

Salesio alipofika ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Alisimama. Aliangalia kigingi, akaangalia ule weusi. Hakuna aliyepima ardhi ile vizuri kuliko yeye, mtu aliyeishi kwa futi na inchi. Kwenda kwa Mwongera kulalamika kungemletea viboko vitano kwa kupinga kipimo cha serikali, kila mtu alijua hivyo. Mwisho akainua macho, na Kithaka akajiandaa.

"Bwana asifiwe, baba Kawira. Leo kuna baridi."

Akavua shati, akaanza upande wa maji.

Wambeti alifika baada ya Salesio akiwa na uji kidogo kwenye kibuyu. Alisimama karibu na kigingi muda mrefu kuliko ilivyohitajika kumimina uji. Halafu akashika jembe. Siku ile yote hakucheka.

Alhamisi saa kumi Mwongera alishusha ufito ndani ya handaki la Kithaka, ukafika chini. "Wewe kumbe ni mwanamume," alisema, na Kithaka akajichukia kwa vile moyo wake ulivyoruka kwa furaha kusifiwa na mtu kama yule. Upande wa pili Salesio alikuwa tope mpaka kiunoni. Aliyoyatoa asubuhi yalikuwa yamerudi mchana.

"Huyu fundi wa Yesu hatamaliza," Mwongera alisema. "Mwambie Bwana wako akusaidie kubeba karai!"

Hom-gadi wakacheka, na Kithaka naye akacheka. Alimwona Wambeti akimwangalia. Hakumwangalia kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Ijumaa alitoka langoni na pasi mfukoni na magunia mawili mabegani. Tangu Februari hakuwa ametembea njia bila mtu wa bunduki nyuma yake. Shamba lilikuwa limevamiwa na magugu, lakini maharagwe yalikuwa pale, maganda makavu yakilia kama njuga alipopita. Aling'oa, akapiga kwa fimbo juu ya gunia, akapepeta kwa upepo wa mlimani. Kufika adhuhuri magunia yalikuwa yamejaa kiasi cha mtu kubeba. Akaketi juu ya kisiki. Jua lilikuwa limetoka kidogo. Alijikuta anapiga mluzi, na baada ya muda akatambua ni wimbo wao, ule wa akina Wambeti. Hakuacha. Aliona kwa mara ya kwanza jinsi mtu anavyoweza kuwa na taabu zake zote mahali pake na bado moyo ukawa mwepesi. Jioni, aliamua, atamwambia mke wake: leo nimeelewa kidogo.

Langoni alikutana na Felicitas. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Kithaka alipoona hivyo alitua magunia kabla hajaambiwa.

"Baba Kawira," alisema. "Ukuta wa handaki umeangukia watu."

"Watu gani?"

"Wambeti alikwenda kumsaidia Salesio. Alikuwa chini, Salesio anapokea makarai juu. Udongo ulikuja wote mara moja. Salesio alichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Tulichimba sote, baba Kawira, hata wale hom-gadi. Tulipomfikia..."

Akainama, akashika gunia moja, akatangulia kuingia.

Wambeti alizikwa Jumamosi nje ya uzio, mahali Mwongera alipoonyesha kwa ufito. Watu kumi tu ndio walioruhusiwa kutoka. Waliookoka waliimba, Kithaka akasimama na Kawira mkononi na kuwasikiliza wakimwimbia mke wake kama mtu aliyepandishwa cheo. Hata pale alikuwa wa kwao kuliko wa kwake.

Mwongera alimjia baadaye, kofia mkononi, akampa kilo ya sukari kutoka kantini. "Bwana Shauri amesikitika," alisema. "Ameuliza ni kosa la nani."

"Kosa la nani?" Kithaka alipaza sauti. "Mwanamke wa kifua alitakiwa kuchimba shimo la watu wawili! Nyinyi ndio mliomuua! Wewe na ufito wako, na Bwana Shauri na barua zake!"

"Taratibu. Nimeshamwambia ni kosa la nani. Salesio alimtia mke wa mtu katika sehemu yake. Jina lake limeandikwa. Jumatatu lori linampeleka kambini kwa mahabusu. Kwa hiyo wewe ukae na amani." Akampiga begani, akaenda.

Kithaka alibaki na sukari mkononi. Yote aliyomwambia Mwongera yalikuwa kweli, na angeyarudia mbele ya Bwana Shauri mwenyewe. Wasingeleta handaki, Wambeti angekuwa hai. Lakini alipomaliza kuwahesabu wakubwa wote, kutoka hedimani mpaka gavana, zile hatua tatu zilibaki pale pale. Na aibu kubwa kuliko zote ni kwamba aliposikia neno kambini kitu ndani yake kilisema: vizuri.

Jumapili alikwenda. Ushirika ulifanyika nyuma ya shule, kwenye magogo, na hom-gadi mmoja akisikiliza kutoka pembeni. Kithaka alikaa nyuma, Kawira magotini. Mwanamke mmoja aliweka nuruni kwamba aliiba viazi. Mzee mmoja akasema amemchukia mwanawe aliye hom-gadi. Salesio alikuwa mbele, mikono imefungwa matambara.

Kithaka akasimama. Hakujua wanaanzaje.

"Mimi nilihamisha kigingi," alisema. "Jumatano asubuhi. Hatua tatu. Ule udongo mbaya ulikuwa wangu. Nilimpa huyu kwa sababu..." Akamwonyesha Salesio kwa kidevu. "Kwa sababu mke wangu alikuwa akimpa mkono vizuri kuliko alivyonipa mimi. Hiyo ndiyo sababu. Maharagwe nilisingizia tu."

Hakuna aliyesema asifiwe. Hom-gadi pale pembeni aliacha kutafuna muwa.

Salesio akaja, akaketi karibu naye kwenye gogo, wakabaki wakitazama mbele kama watu wanaongoja zamu.

"Alijua," Salesio alisema.

"Nani?"

"Dada Wambeti. Ijumaa alikuja akasema, 'Ndugu, hizi hatua tatu si zako, ni zetu. Nimekuja kuchimba za kwetu.' Nikamwambia arudi, kifua chake hakiwezi tope. Hakunisikia. Nikamwambia basi niende nizungumze nawe. Akasema, 'Hapana. Usimwambie kitu. Baba Kawira atakuja mwenyewe azitaje. Mimi namjua. Usimwahi.'"

"Alisema hivyo?"

"Alisema akiwa ndani ya shimo. Na alikuwa anacheka."

Kithaka alijifunika uso. Alilia kwa sauti, bila kujali muwa wala hom-gadi, na Kawira akamshika sikio kama alivyokuwa akimshika mama yake. Wambeti alikuwa amemngoja. Juu ya uchafu wote aliokwisha kuuona alikuwa ameketi akimngoja kwa moyo mweupe, kama mtu anayengoja maharagwe akijua yamepandwa. Basi hicho ndicho alichokuwa akikitazama siku zote? Kitu ambacho hakijafika bado? Na yeye Kithaka alikuwa mmoja wa vitu hivyo.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Mwongera. Alimkuta ananyolewa.

"Kigingi nilihamisha mimi. Mfute Salesio."

Mwongera hata hakugeuza kichwa. "Jina likishapelekwa limepelekwa. Unataka nimwambie Bwana Shauri nilikosea? Nikuongeze wewe, hiyo naweza. Na mtoto atabaki na nani?" Akafuta povu shavuni. "Nenda nyumbani. Mmemaliza handaki, sivyo?"

Jumatatu lori lilikuja kabla ya saa tatu. Walipakia watu kumi na wanne. Salesio aliketi mwisho kabisa, miguu inaning'inia, mikono ya matambara mapajani, na aliposikia jina la Gachoka likitajwa na dereva aligeuka kidogo, kwa sababu njia ingepita karibu na wanawe.

Kithaka alikuwa ameamka na swali. Usiku kucha, kila alipofika mahali penye amani, swali lilikuwa limeshafika. Alipita katikati ya watu, akamkaribia, akampa mkono. Mkono wao, wa kuchelewa kuachia.

"Ndugu Salesio," alisema, na neno lile lilimtoka gumu, lakini lilitoka. "Kawira anakusalimu. Akina mama wa ushirika wamesema watamsuka."

"Asifiwe, ndugu Kithaka. Na wewe utaendelea kuja?"

"Nitakuja. Nikae wapi kwingine?"

Lori likanguruma, likaanza kushuka na matope. Kithaka akashika ubao wa nyuma, akatembea nalo, kisha akakimbia nalo. Uso wake haukuwa tena uso wa mtu mwenye amani. Ulikuwa ule wa Jumanne, wa mtu anayeangalia mkono wa mke wake ndani ya mkono wa mwingine.

"Lakini niambie!" alipaza sauti. "Nimekusamehe, umenisamehe, hayo yameisha! Wambeti alikuwa ndani ya nyumba yangu Jumatano, Alhamisi, tulikula chungu kimoja, alikuwa ameshaona kigingi. Kama alijua, mbona alikuambia wewe, asiniambie mimi?"